Difu Iliyoingia

Wasomaji wangu, leo tupumzike kidogo na siasa. Najua wengine mmepita hapa kutafuta muendelezo wa mambo ya bungeni. Mtanisamehe, utakuja. Leo nina habari za difu. Msicheke, maana hii difu nusura iharibu chanjo za watoto.

Mjomba wangu wa Arusha anaishi kwa gari moja. Ni Land Cruiser ya zamani, ile mnayoiita mkonga, injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na turbo. Hukodishwa na watu wanaokwenda kule ambako teksi haziendi: watafiti, wachimba visima, watu wa afya. Wanamlipa kwa kilomita. Hiyo kilomita mwiweke akilini, nitairudia.

Oktoba 2022 difu ya nyuma ilikatika meno. Gereji moja mjini (sitaitaja, tusije tukapelekana mahakamani) ikamfungia nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Ikaingia. Boliti zilezile, shafti zilezile, haivumi wala haivuji. Kwa miezi kadhaa gari likapiga lami ya kwenda Makuyuni na kurudi bila hata kukohoa.

Masika ya 2023 yalipofika, mjomba akapewa kazi ya kupeleka chanjo upande wa Engaruka. Ukishapita Mto wa Mbu, lami unaiaga. Kwenye korongo moja lenye tope akaingiza magurudumu yote manne, akavuka salama. Alipofika pakavu akataka kurudi kwenye mawili, mkono wa transfa ukagoma, kama umechomelewa. Akaamua kusogea hivyo hivyo. Haukupita muda, mlio kama wa bunduki: krosi ya propela ya mbele imepasuka. Boksi la chanjo lina barafu, na barafu haimsubiri fundi. Bahati ikapita pikipiki, chanjo zikaendelea na safari. Mjomba akalala porini.

Niliyasikia haya nilipokwenda kumsalimia. Gari lilikuwa limeshavutwa hadi Unga Limited, kwa mzee mmoja ambaye mikono yake haijawahi kuwa na rangi nyingine zaidi ya grisi. Fundi mwingine angefunga krosi mpya akapokea hela yake. Mzee aliuliza swali moja tu: "Nani alifungua difu?"

Sasa hapa ndipo kazi yangu ya uandishi ilipopata chakula, maana nilimganda kwa maswali mpaka akaniambia nishike tochi.

Ndani ya difu kuna gia mbili kubwa, krauni na pinioni. Ukigawa meno ya krauni kwa meno ya pinioni unapata uwiano. Meno 41 kwa 10 ni 4.1, yaani propela izunguke mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Meno 43 kwa 10 ni 4.3. Toyota wametoa magari ya jamii hii yenye uwiano tofauti tofauti kulingana na injini, tairi na soko, na kwa nje difu zinaweza kufanana kama mapacha.

Kwenye lami, mkonga husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, kwa hiyo difu ya mbele ikiwa na hesabu yake na ya nyuma yake, hakuna anayejua. Ukiingiza manne, transfa inazifunga propela zote mbili zizunguke kwa kasi moja. Wenye 4.1 mbele na 4.3 nyuma, wakati magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mita 100, ya mbele yanataka kwenda karibu 105. Kwenye tope tairi zinateleza na deni hilo linalipwa kimya kimya. Kwenye ardhi ngumu haliteremki popote. Linajikunja ndani ya shafti na gia, mkono unakaza, kisha kinavunjika kilicho dhaifu. (Tairi mpya nyuma na zilizokwisha mbele huleta ugonjwa uleule, ila kwa kiasi kidogo.)

Ubaya wake ni huo: unajitokeza siku ile tu unapoyahitaji magurudumu manne.

Mzee hakufungua chochote kwanza. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lingine akalikingia mawe, gia huru. Akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Mimi nazungusha tairi, yeye anahesabu propela. Gurudumu moja likiwa limesimama, difu hugawa mwendo, hivyo mizunguko 20 ya tairi ni sawa na 10 ya krauni. Tukapata 43. Tukahamia mbele, tukafunga habu zote mbili, transfa ikiwa kwenye magurudumu mawili. Nikazungusha 20. Akahesabu 41.

Mjomba alikaa juu ya ndoo, kimya.

Njia za kutibu zilikuwa tatu. Kubadili mbele iwe 4.3, lakini mbele ni kufungua habu na vifundo vya usukani, kazi ndefu. Kununua krauni na pinioni mpya za 4.1 za nyuma. Hizi huuzwa kwa jozi, zimesagwa pamoja kiwandani, na kuzipanga kunataka shimu na saa ya kupimia, maana uchezi unaotakiwa kati ya meno haufiki robo ya milimita. Au kutafuta kichwa kizima cha difu chenye 4.1, kilichokwisha kupangwa. Nyuma unachomoa shafti tu, hata tairi huzigusi. Tukachagua hiyo.

Mjomba akampigia muuza spea Dar, Gerezani. Nikamsikia jamaa kwenye spika: "Inaingia mzee, usiwe na wasiwasi." Fundi akamnyang'anya simu. "Sijakuuliza kama inaingia. Hesabu meno." Kukawa na ukimya, kisha sauti ya mtu anayefuta grisi kwa kitambaa. Difu ikaja kwa basi kesho yake usiku, na kabla ya kuifunga mzee aliyahesabu upya yeye mwenyewe, mara mbili.

Ilipokwisha kufungwa tukarudia chaki na jeki. Arobaini na moja mbele, arobaini na moja nyuma.

Nilidhani yameisha. Kumbe mzee alikuwa na jingine. Kwenye gari hili kebo ya spidomita hutoka kwenye transfa, inahesabu propela, siyo tairi. Miezi yote ile, gari likitembea kilomita 100, dashibodi ilikuwa inaandika karibu 105.

"Mjomba," akaniita (sisi huitana hivyo pande zote mbili), "una kikokotoo kwenye simu?"

Akaleta daftari lake la safari, tukaanza kugawa kwa 1.05 kuanzia Oktoba. Mteja wa kwanza aliyepigiwa simu kuambiwa kuna hela yake atumiwe, alikata. Alidhani ni matapeli.