Selborne: Kijiji kinachosubiri wageni wa kutoka Afrika

Saa tatu kasorobo usiku, mwezi Juni, jua bado halijazama Selborne. Watoto waliokwisha kuoga na kuvaa nguo za kulalia wanagoma kwenda kitandani, na mama zao hawana hoja ya maana ya kuwapa, kwa sababu nje bado ni kweupe. Wazee wametoa viti mbele ya nyumba. Hawana pilikapilika yoyote. Wanatazama juu.

Ghafla kundi la ndege weusi linapita juu ya mapaa kwa kasi ya kushtua, likipiga kelele nyembamba na kali kama watoto wanaokimbizana. Linazunguka mnara wa kanisa, linateremka hadi usawa wa madirisha ya ghorofani, kisha linapotea nyuma ya miti. Baada ya nusu dakika limerudi tena. Mzee mmoja anahesabu kwa kidole, anapoteza hesabu, anaanza upya.

Selborne ni kijiji kidogo katika jimbo la Hampshire, kusini mwa England. Kutoka London mtu hupanda treni katika kituo cha Waterloo hadi mji wa Alton, safari ya zaidi kidogo ya saa moja, kisha humalizia kwa basi kilomita zisizofika kumi. Barabara ni moja tu ya maana, nyumba za mawe na matofali zimeipanga kila upande, na nyuma yake kuna kilima cha mawe ya chokaa kilichofunikwa na msitu. Juu ya kilima hicho kinapanda kijia kinachokwenda upande huu na upande ule kama nyoka. Kilichongwa mwaka 1753 na ndugu wawili wa kijijini hapo, na hadi leo watu huhema wakikipanda.

Ndege wale wanaopiga kelele kwa Kiswahili ni teleka, ingawa watu wengi wa Afrika Mashariki wakiwaona husema tu mbayuwayu. Si kosa kubwa, wanafanana kwa mbali. Lakini teleka ni mweusi karibu mwili mzima, mabawa yake yamepinda kama mundu, na miguu yake ni mifupi kiasi kwamba hakai juu ya waya wala tawi. Anakula akiruka, anakunywa akiruka, hata usingizi huupata angani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walieleza mwaka 2016 kwamba baadhi yao hukaa hewani miezi 10 mfululizo bila kutua. Kitu kimoja tu kinachomlazimisha kutua ni kutaga, na kwa kutaga anataka tundu chini ya paa la nyumba.

Hufika Uingereza mwanzoni mwa Mei na kuondoka mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti. Ni miezi mitatu tu. Iliyobaki yote huwa Afrika: teleka wengi wa Uingereza waliofungwa vifaa vidogo vya kurekodi safari wameonekana wakishinda juu ya misitu ya Kongo, na wengine wakivuka hadi Msumbiji. Wanafuata mvua, kwa kuwa mvua huwatoa kumbikumbi. Kwa hiyo ndege anayeitwa wa Uingereza, ukipiga hesabu ya siku, ni Mwafrika anayekwenda Ulaya kuzaa.

Mtu wa kwanza kuwahesabu hapa kwa utulivu alikuwa mchungaji wa kanisa, Gilbert White, aliyezaliwa Selborne mwaka 1720 na kufariki hapo hapo mwaka 1793. Hakuoa, hakusafiri sana, na alikuwa na tabia moja: kuandika kila alichokiona. Siku ambayo mbayuwayu wa kwanza alionekana. Siku ambayo matango yalichanua. Uzito wa kobe wake, Timothy, ambaye wote waliamini ni dume hadi alipokufa na kuchunguzwa, akaonekana kuwa jike. Kitabu chake kuhusu viumbe wa Selborne kilitoka mwaka 1789, na bado kinachapishwa.

Mchungaji White aliandika kwamba kila mwaka hukuta jozi nane za teleka, karibu nusu yao kanisani, na wengine katika nyumba duni za ezeko la nyasi. Jambo ambalo hakulipatia jibu kamili hadi anaingia kaburini ni wapi wanakokwenda. Ndugu yake John alikuwa mchungaji Gibraltar na alimwandikia kuhusu ndege wanaovuka mlango wa bahari kuelekea kusini. Hata hivyo White aliendelea kushuku kwamba huenda baadhi hujificha mashimoni wakati wa baridi, hapo hapo kijijini. Mtoto wa darasa la nne Kisangani angeweza kumsaidia.

Hakuandika ndege peke yake. Aliangalia pia afya za watu wake, na ana barua inayojadili kwa nini ukoma ulikuwa umepungua Uingereza. Sababu alizotaja ni nyama mbichi badala ya iliyokaushwa kwa chumvi, mboga za bustani na nguo safi za kitani. Leo inajulikana kwamba ukoma husababishwa na bakteria, lakini si vibaya kwa mtu aliyeandika karibu miaka 100 kabla bakteria hao hawajagunduliwa. Kaburi lake lipo upande wa kaskazini wa kanisa, jiwe dogo lenye herufi mbili za jina lake na tarehe. Wageni wengi hulipita bila kuliona.

Mei na Juni ndiyo miezi ambayo kijiji cha Kiingereza huishi nje. Michongoma ya kando ya barabara imejaa maua meupe, nyuki wanavuma tangu asubuhi, na kengele za kanisa husikika jioni wapigaji wanapofanya mazoezi ya wiki. Uwanjani kuna kriketi, mchezo ambao mtu anaweza kuutazama saa tatu nzima huku akizungumza mambo mengine. Kisha kuna Jumamosi ya gulio la kijiji: meza za keki, jemu za nyumbani, vitabu vilivyotumika, bahati nasibu yenye zawadi ambazo mwaka uliopita zilishindwa na mtu mwingine. Fedha huenda kukarabati paa la kanisa au ukumbi. Vijiji vingine huwa na siku ya kufungua bustani, ambapo kwa kiingilio kidogo unaingia nyuma ya nyumba ya jirani na kuona mambo aliyoyaficha mwaka mzima.

Nyasi nazo zina siasa yake. Kwa miaka kadhaa sasa kumekuwa na kampeni ya kuwaomba watu wasikate nyasi mwezi Mei, ili maua madogo yachanue na wadudu wapate chakula. Familia moja inaacha bustani iwe kichaka. Jirani yake, aliyekata nyasi kila Jumamosi maisha yake yote, anaona ni uvivu uliopewa jina zuri. Hawagombani. Wanasalimiana kwa adabu iliyozidi kidogo, na kwa Waingereza huo ndio ugomvi.

Wengine wametoboa tundu la upana wa sentimita 13 chini ya uzio ili kalunguyeye wapite usiku kutoka bustani moja hadi nyingine, maana mnyama huyo mwenye miiba hutembea mbali akitafuta chakula. Watoto humwekea maji kwenye kisosi. Zamani alikuwa akiwekewa maziwa, na yalimharisha.

Nyakati hizi pia zina gharama zake kiafya. Chavua ya nyasi hufikia kilele Juni, na watu wengi hushinda wakipiga chafya, macho mekundu, wakimeza dawa za mzio ili tu waweze kwenda gulioni. Na anayetembea kwenye nyasi ndefu za Hampshire hushauriwa kujikagua kupe akirudi, kwa sababu baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Kupe hung'olewa kwa kibano, taratibu, bila kumminya tumbo.

Lakini mambo yanayowapa wanavijiji mawazo hasa ni yale mapaa.

Idadi ya teleka nchini Uingereza imepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1995, na mwaka 2021 aliwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio katika hali mbaya zaidi nchini humo. Upungufu wa wadudu unatajwa kuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine ni kwamba nyumba zinazibwa. Vigae vya zamani vilivyoacha mianya vinaondolewa, upenu unafunikwa kwa plastiki, kuta zinajazwa vitu vya kuzuia joto lisitoke. Teleka hurudi kwenye tundu lile lile mwaka hata mwaka. Akitoka Kongo, akavuka Sahara na bahari, akakuta mlango umezibwa kwa saruji, hujipigiza ukutani mara kadhaa akidhani amekosea.

Hapa ndipo wapenda ndege wanapokosea mara nyingi kwa kuzungumza kana kwamba kuziba nyumba ni dhambi. Si dhambi. Nyumba yenye baridi na unyevu huwaua wazee: presha hupanda, mapafu huvimba, na kila kipupwe hospitali za Uingereza hujaa. Mjane wa miaka themanini anayeishi peke yake katika nyumba ya miaka mia mbili, akiwasha kipasha joto kwa saa mbili tu kwa kuogopa bili, anahitaji paa lake lizibwe. Hakuna daktari mwenye akili atakayemwambia asubiri kwa sababu ya ndege.

Suluhisho ni tofali. Ni tofali la kawaida kwa sura, lakini lina mdomo mwembamba na chumba ndani yake. Linajengwa ukutani bila kupitisha baridi ndani ya nyumba, na bei yake ni paundi 35 hivi. Mwaka 2022 mwandishi Hannah Bourne-Taylor alianzisha ombi la kutaka sheria iwalazimishe wajenzi kuweka matofali hayo katika kila nyumba mpya. Ili asikike, alitembea mitaani London akiwa amepakwa rangi ya manyoya mwilini badala ya nguo, jambo ambalo pengine lisingependekezwa na mama yake. Sahihi zilipita 100,000 na Bunge likajadili suala hilo Julai 2023. Makanisa mengi nayo yameweka masanduku ya viota nyuma ya madirisha ya minara, na kupiga sauti za teleka zilizorekodiwa ili kuwaita vijana wanaotafuta pa kuanzia maisha.

Vijana wa kibinadamu wanaotafuta pa kuanzia maisha hawajaundiwa tofali. Vijiji vizuri vya kusini mwa England vimekuwa ghali kupita mshahara wa mwalimu au muuguzi. Wenye fedha wa mjini hununua, baadhi yao kwa ajili ya wikiendi tu. Selborne imo ndani ya hifadhi ya taifa ya South Downs, ambako ujenzi unabanwa sana, na bila kubanwa huko huenda kusingekuwa na msitu wala kijia cha kupanda. Kwa hiyo aliyezaliwa kijijini anakwenda kupanga chumba mjini, wazazi wanabaki. Katika maeneo ya mashambani England, takriban mtu mmoja kati ya wanne amevuka miaka 65. Ukiangalia vile viti vya jioni utaona wajukuu, lakini wengi ni wa kuja kutembea.

Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, habari iliyochekesha wengi Afrika Mashariki wakati huo. Madaktari wa huko hawakucheka. Wanajua mgonjwa anayekuja kila wiki na goti linalouma, kumbe anataka mtu wa kuzungumza naye. Siku hizi huduma ya afya ya taifa inaruhusu mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kwa mshauri anayemtafutia kikundi: kwaya, bustani ya pamoja, matembezi. Hata kuhesabu teleka kungefaa. Kazi hiyo ni rahisi kwa mwenye goti bovu. Unahitaji kiti, daftari, na kujua saa ya kutoka nje.

Ndiyo maana yule mjane anatoka. Anaandika idadi kwenye kalenda ya jikoni, karibu na tarehe ya daktari wa meno. Jirani anapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba yeye kaona kumi na mmoja. Mjane anashikilia ni tisa. Mvulana wa nguo za kulalia anaombwa kuamua, kwa kuwa macho yake ni mapya, naye anasema kumi na tano. Hakuna anayemwamini, ila inaandikwa pembeni kwa penseli.

Saa nne kasoro robo popo wanachukua zamu. Teleka wasio na viota wamepanda juu sana kulala, hawaonekani tena. Viti vinarudishwa ndani.

Jioni moja mwanzoni mwa Agosti vitatolewa tena na anga litakuwa tupu. Hawaagi. Wazee watakaa kidogo kwa mazoea, watazungumza kuhusu mvua, na kalenda itaandikwa sifuri. Wiki chache baadaye teleka watakuwa juu ya Mto Kongo, wakiwafuata kumbikumbi.