Vipimo vya bibi harusi ni amana



Mwaka jana, mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, kompyuta yangu ya nyumbani iligoma kuwaka. Fundi akasema diski imekufa. Humo mlikuwa na vipimo vya mabibi harusi, picha za mishono na hesabu za waliolipa nusu. Nikawapigia mmoja mmoja waje niwapime upya. Mmoja alikuwa amesharudi Pemba. Mama yake akaniuliza, "Mwanangu, vipimo vya mtu vinapoteaje?" Sikuwa na jibu.

Mdogo wangu ndiye aliyenionesha. Nilifungua Notepad, nikaandika mstari mmoja tu:

robocopy "C:\Ushoni" "E:\Ushoni" /E

Nikauhifadhi kwa jina nakala.bat. Sasa kila Alkhamis jioni nachomeka diski ya nje, nabonyeza faili hilo mara mbili, naenda kusali Magharibi. Nikirudi, mapya na yaliyobadilika yameshanakiliwa. E ni herufi ya diski yangu. Yako itazame kwanza. Na usiweke /MIR bila kuielewa, kwani hufuta kwenye nakala kila ulichokifuta kwenye kompyuta.

Nikimaliza naichomoa diski, naifungia kabatini. Mna picha za wanawake bila mitandio, waliojaribu magauni mbele yangu kwa kuniamini. Zikipotea vipimo nitaulizwa, na zikizagaa picha nitaulizwa zaidi.

Shoga yangu, usingoje fundi akwambie "imekufa." Allah atusaidie kutunza amana za watu.