Jibu na Njia Yake

Wazazi na walimu, twapenda kuwaungamia kosa tulilolitenda hapa Alunguli.

Tuliwapa wanafunzi wetu wa fizikia swali hili: Mto una upana wa mita 600. Mtumbwi umeelekezwa sawasawa ng'ambo, nao hukata maji kwa mwendo wa mita 2 kila sekunde. Mkondo huenda mita 1 kila sekunde. Je, utavuka kwa muda gani?

Kijana wa kwanza aliandika: sekunde 300. Tukampa alama 10. Wa pili alichora mto, akatia mishale miwili, akaeleza kwamba mkondo hauucheleweshi mtumbwi, bali huupeleka chini tu. Lakini katika kugawanya alikosea, akapata sekunde 30. Tukampa sifuri.

Jioni baba yake, mpiga kasia avushaye watu Lualaba kwenda Kasuku, alitujia. "Mwalimu, kama hana akili ya masomo, afadhali nimpe kasia." Tukamwonyesha karatasi. Akaitazama ile picha kitambo, akasema: "Mbona hivi ndivyo mto unavyotuchukua?" Tukaona haya.

Kesho yake, hesabu ikiisha kusahihishwa, tuliwauliza wote wawili: Mkondo ukizidi mara mbili, je? Wa kwanza akajibu upesi: "Sekunde 600." Kumbe aligawanya tarakimu tu! Wa pili akasema: "Ni zile zile 300, ila tutashukia mita 600 chini, badala ya 300."

Hata hivyo naye alipungukiwa. Angalijiuliza kama yuko mtu awezaye kuvuka mto huo kwa nusu dakika, angaligundua kosa lake. Mtaalamu George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945, alifundisha hatua nne: kulifahamu swali, kupanga njia, kuifuata, na kurudi kulichungua jibu. Tangu siku ile twagawa alama zetu 10 hivyo: 3, 3, 2, na 2.

Mtihani wa Serikali, ulioanza mwaka 1967, humtaka mwanafunzi achague jibu. Njia yake hauioni. Basi ni juu yetu kuitazama mapema.

Nanyi wazazi, mtoto aletapo karatasi nyumbani, msisome alama tu. Mwulizeni: "Mwanangu, ulifikaje hapa?" Wahenga walisema: Kosa moja haliachi mke. Wala lisimwondoe mtoto shuleni.