Hadi Diski ya Pili, Columbus na Oldonyo Sambu

Huku Columbus, Ohio, mtu akiishiwa nafasi kwenye kompyuta ya nyumbani mara nyingi hafungui chochote. Ujumbe unatokea kwenye kioo kwamba nafasi imekwisha, anabonyeza pale anapoelekezwa, kadi yake ya benki inaanza kukatwa kidogo kidogo kila mwezi, na picha za watoto wake zinahamia kwenye seva asiyojua iko wapi. Wachache huenda dukani. Mji huu ndiko lilikoanzia duka la Micro Center mwaka 1979, na ukiingia leo utakuta rafu nzima za hadi diski na SSD. Wahudumu wapo ukiwahitaji, lakini wengi wetu tunachukua boksi la diski ya nje, tunalipa, tunaenda kulichomeka USB. Baadhi ya laptopu nyembamba za siku hizi hifadhi zake zimelehemiwa kwenye mazabodi, kwa hiyo hata anayetaka kuongeza diski ndani hana pa kuiweka.

Nyumbani Oldonyo Sambu, mkoani Arusha, kuongeza hadi diski ni shughuli ya watu kadhaa. Kuna mwenye kompyuta, kuna fundi mjini, kuna dereva wa Noah, gari la abiria, anayebeba mzigo, na kuna wateja ambao mambo yao yamo humo ndani. Nimeiona kwa karibu kwa sababu mdogo wangu ana steshenari pale kando ya barabara ya Namanga, na nilipokuwa nyumbani likizo kompyuta yake ilikuwa imejaa hadi haifungui tena faili bila kusubiriwa.

Nieleze kwanza kilichomo, maana mtu aliyezoea maisha ya huku anaweza kudhani ni kompyuta ya mtu mmoja. Ni mashine ya mezani, Dell OptiPlex iliyotumika ofisini Ulaya kabla ya kufika kwetu, yenye hadi diski ya GB 500. Humo kuna barua za maombi ya kazi za vijana wa kata nzima. Kuna mihtasari ya vikao, mikataba ya kuuziana mashamba, mitihani ya walimu, kadi za michango ya harusi, na wasifu wa marehemu unaosomwa msibani. Kuna picha za paspoti zilizopigwa mbele ya kitambaa cha bluu kilichotundikwa ukutani, miaka na miaka. Mteja haji na flashi. Anakuja mikono mitupu na kusema, "Nitolee tena ile barua yangu ya mwaka jana," na mdogo wangu anatakiwa awe nayo.

Picha hizo za paspoti ndizo zilizonifanya nilichukulie suala hili kwa uzito. Wapo koko zetu, yaani bibi zetu, ambao picha pekee waliyowahi kupigwa wakiwa wamekaa wima, wametazama mbele, ni ile ya kitambulisho au ya bima. Siku koko akifariki, wajukuu wanakuja steshenari usiku kuomba picha hiyo ikuzwe iwekwe kwenye fremu. Nilimkuta mdogo wangu akifanya kazi hiyo. Alifungua folda ya mwaka, akaitafuta kwa jina la ukoo, akaikuta. Akaondoa kivuli begani, akaichapa kwenye karatasi ya A4 ya kung'aa, na wale vijana wakaishika kwa pembe ili wasiiwekee alama za vidole. Hadi diski hiyohiyo ingekufa wiki moja kabla, picha ile isingekuwepo mahali pengine popote duniani.

Basi tukaenda kwa fundi Arusha mjini. Alipokea kompyuta, akaifungua pembeni, akapuliza vumbi lililojaa kwenye feni. Upande wetu wa Mlima Meru ni upande mkavu. Mvua nyingi huishia kusini, kule Tengeru na Usa River, na sisi tunapata upepo na vumbi la tambarare za kuelekea Longido. Hadi diski imefungwa vizuri, ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, kwa hiyo vumbi haliifikii moja kwa moja. Linaziba feni, joto linapanda, na joto ndilo linaloichosha. Nafasi ya hewa ndani ni ndogo mno: kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nanomita chache, kikibebwa na hewa yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji wa diski za kawaida huandika kwamba zitumike hadi mwinuko wa kama mita 3,000. Oldonyo Sambu hatujafika huko, lakini kwenye kilele cha Meru, zaidi ya mita 4,500, hewa ni nyembamba kupita kiasi kwa mashine hiyo.

Fundi hakukimbilia kuuza. Aliwasha programu ya CrystalDiskInfo, ile ya bure, akaangalia mistari michache tu. Wa 05 unaonyesha sehemu za sahani zilizoharibika na kubadilishwa na za akiba, wa C5 sehemu zinazosubiri kuamuliwa, na wa 09 saa ambazo diski imewashwa. Ya mdogo wangu ilikuwa imevuka saa 31,000, ambazo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka bila kupumzika, na kwenye C5 kulikuwa na namba wakati panatakiwa pawe sifuri. "Dada, hii imechoka," akasema. "Tukiongeza diski tukaiacha hii humo, mtapata nafasi lakini mali iko palepale pabaya." Akainamisha sikio juu ya boksi kusikiliza kama inagonga. Haikuwa inagonga bado.

Sijawahi kuona mtu akifanya hivyo Columbus. Watu wananunua nafasi mpya na kuiacha diski ya zamani iendelee kubeba kila kitu hadi siku itakapokataa kuwaka. Programu ni ileile na inapatikana huku pia, ila hakuna mtu kati yako na boksi anayeona ni kazi yake kuiwasha. Umaskini wa vifaa umewalazimisha mafundi wetu wajue kusoma umri wa diski, kwa sababu nusu ya wanazoshika zimeshatumika kwingine. Zipo zilizotolewa kwenye laptopu za mitumba, na zipo zilizotolewa kwenye mashine za kamera za ulinzi, ambazo zimezunguka mchana na usiku tangu siku ya kwanza. Fundi mwaminifu anakuonyesha saa kabla hujatoa hela. Asiye mwaminifu anakuambia "ni safi kabisa" na hataki kuichomeka. Kwa hiyo ukinunua diski iliyotumika, iwe Arusha, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, omba kuona mstari wa 09 na wa C5 ukiwa umesimama hapohapo.

Kuna na jingine la kuangalia, nalo ni la hatari zaidi kwa sababu linauzwa likiwa jipya. Ni zile diski za nje zenye maandishi makubwa ya TB 2 au zaidi kwa bei ya kushangaza. Ukizichomeka, kompyuta inasoma TB 2 kweli, kwa kuwa programu iliyomo ndani imechezewa ili idanganye. Ndani ya kava kuna kadi ndogo ya kumbukumbu, na wakati mwingine kipande cha chuma kilichogundishwa ili kitu kiwe kizito mkononi. Faili zinaingia bila malalamiko, nafasi halisi ikijaa zinaandikwa juu ya nyingine, na unagundua siku unapozihitaji. Ipo programu ya bure ya Kijerumani, H2testw, inayoijaza diski nzima kisha inaisoma upya kuhakikisha. Inachukua saa nyingi. Iache ifanye kazi usiku kucha kabla hujaweka picha ya mtu yeyote humo.

Tulichofanya hatimaye ni hiki. Windows ilihamishiwa kwenye SSD ya GB 240, ambayo fundi aliiweka pale palipokuwa na DVD, kwa kutumia kile kikasha chembamba kinachoingia mahali pake. Kwa laptopu za zamani wanafanya hivyohivyo, ila kikasha kina unene wa aina mbili, milimita 9.5 na 12.7, kwa hiyo pima kwanza. Kwenye nafasi ya hadi diski kubwa ikaingia mpya ya TB 2, kwa waya mmoja wa data wa SATA na mmoja wa umeme, skrubu nne. Kompyuta ilipowaka, diski mpya haikuonekana kwenye orodha, na mdogo wangu akashtuka. Diski mpya ni kama shamba ambalo halijapimwa. Ipo, lakini mpaka uingie kwenye Disk Management uipe mipaka na kuifomati, Windows haikuonyeshi kitu. Fundi alichagua GPT, kwa sababu mpangilio wa zamani wa MBR unaishia TB 2 na siku moja mtu ataweka kubwa zaidi. Kisha ikaonekana TB 1.81. Hapo hakuna aliyeibiwa: kiwanda kinahesabu kwa maelfu ya kawaida, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti inaonekana hivyo.

Hadi hapo nawapa mafundi wetu alama zote. Ninapogombana na watu wa nyumbani ni kwenye hatua inayofuata, maana wengi wanaishia hapo. Diski ya pili iliyo ndani ya boksi lilelile, kwenye soketi ileile, haijaokoa kitu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika. Umeme ukirudi na nguvu ya kupita kiasi, diski zote mbili ziko kwenye njia yake. Mwizi akibeba boksi, amebeba zote. Huku umeme kukatika si jambo la kila wiki, ingawa Juni 2022 sehemu za Columbus zilikaa gizani katikati ya joto kali, na waliokuwa na nakala mahali pengine hawakuwa na wasiwasi na faili zao. Mazoea hayo ya nakala ya pili ndiyo ninayotaka tuyachukue kutoka ughaibuni.

Ila tusiyachukue kwa njia ya huku. Wenzangu wanasema, "Mwambie aweke mtandaoni." Nimepiga hesabu. GB 500 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9 mfululizo, bila mtandao kukatika, bila bando kuisha, na bila mteja kungoja fomu yake ya mkopo wa chuo. Mzigo uleule kwa diski ya nje ya USB 3 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde ni chini ya saa moja na nusu. Kwa hiyo tulinunua diski mbili za nje, ndogo za inchi 2.5 zisizohitaji adapta, na makubaliano ni kwamba kila mwisho wa mwezi moja inajazwa, inafungwa kwenye mfuko, na inapanda Noah kwenda kwa kaka yetu anayeishi Sakina, Arusha mjini. Nyingine inarudi. Duka likiungua leo, atakachopoteza mdogo wangu ni kazi ya wiki chache. Tuliongeza na UPS, ili umeme ukikatika apate dakika chache za kufunga faili kwa utaratibu.

Arusha hatuwezi kusema utunzaji wa kumbukumbu ni mambo ya wazungu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mjini kwetu hadi ilipofungwa Desemba 2015, na kumbukumbu zake, karatasi na sauti za mashahidi, zimetunzwa Lakilaki, kwenye majengo yaliyofunguliwa Novemba 2016, ambayo yana jengo maalumu kwa ajili ya hifadhi hiyo. Walijenga hivyo kwa sababu ushahidi wa mtu ukipotea haurudiwi. Picha ya koko naiweka kwenye fungu hilohilo.

Kwa wanaotuma vifaa kutoka huku: beba diski kwenye begi la mkononi, ukiwa umeifungia kitu laini. Ikiwa ni ya inchi 3.5 yenye adapta, soma maandishi ya adapta yaseme 100–240V, kwa sababu nyumbani ni volti 230, na nunua plagi ya pini tatu za bapa mapema. Usitume diski yako ya zamani kama zawadi kabla hujaifuta, na usidhani fomati ya haraka imefuta kitu. Hiyo inaondoa orodha tu, na mtu mwenye programu ya kurejesha anavikuta vyote. Mwaka 2009 wanahabari walinunua hadi diski sokoni Ghana wakakuta ndani nyaraka za mikataba ya kampuni kubwa ya ulinzi ya Marekani.

Hilo linatuhusu hata sisi wenye steshenari. Ile diski iliyochoka ilikuwa na nakala za vitambulisho vya taifa vya NIDA na vyeti vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Fundi alitaka kuichukua palepale apunguze bei ya mpya. Tukamwomba asubiri. Tulihakikisha kila folda imehamia, tukafungua picha za miaka tofauti kuona kama zinasomeka, kisha tukaifomati ile ya zamani kwa ukamilifu, alama ya haraka ikiwa imeondolewa, ili kila sehemu iandikwe sifuri. Sehemu zilizokuwa kwenye C5 zilikataa kuandikwa. Fundi akatuambia diski ya namna hiyo haifutiki yote na yeye hawezi kuiuza kwa roho safi, akaifungua kwa bisibisi ya nyota, akatoa sahani na kuzikwaruza pande zote mbili, akabaki na sumaku zake.