Digrii na Zamu ya Usiku

Nilisomea digrii ya uuguzi nikiwa bado kazini hapa Ruiri, na hadi leo nashikilia kwamba hiyo ndiyo njia inayomfaa zaidi muuguzi wa mashinani, na mgonjwa wake pia. Wengi huiona kuwa njia ya mtu asiye na budi, aliyekosa likizo ya masomo. Sikubaliani nao. Somo la uuguzi hukaa likikutana na mgonjwa wiki iyo hiyo, na aliyeacha wodi miaka kadhaa ili asome hukosa nafasi hiyo.

Chukua leba. Sisi wa diploma tulifundishwa partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, kama sheria: mlango wa kizazi ukifika sentimita 4, unatarajiwa kufunguka sentimita 1 kila saa, ukichelewa hadi kuvuka mstari wa tahadhari, muuguzi aanze kufikiria rufaa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kasi hiyo haiwafai akina mama wote, na kwamba uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Mwongozo wake wa mwaka 2020 hauna tena mstari huo. Mkono wenye uzoefu hupima vizuri, lakini hauwezi wenyewe kujua kwamba kipimo kimebadilika, wala kwa nini. Kwa mama wa Ruiri, rufaa ya kwenda Meru mjini ni gari, ni pesa za familia, ni uchungu barabarani. Kumpeleka asiyehitaji ni kumtesa, na kumkawiza anayehitaji ni kuhatarisha maisha mawili. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema diploma inatosha. Masomo ya utafiti na takwimu, ambayo wengi wetu huyaogopa, ndiyo yanayomwezesha muuguzi kuupima mwongozo mpya badala ya kungoja aambiwe.

Wala si jambo geni nchini. Mwaka 2005 Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa kompyuta ili wauguzi wa cheti wapande hadi diploma bila kuacha vituo vyao. Kuwaondoa maelfu kwa pamoja kungefunga zahanati. Hoja hiyo inasimama vilevile kwa digrii.

Kuna pingamizi ninalolikubali nusu: uchovu. Aliyekesha wodini kisha akashinda darasani anaweza kukosea hesabu ya dawa ya mtoto, na hilo halina utetezi. Lakini kosa hapo liko kwenye ratiba ya zamu. Tangu 2013 wauguzi wa vituo vya umma mashinani wameajiriwa na kaunti, kwa hiyo kaunti inaweza kuamua kwamba anayesoma hapangiwi usiku wa kuamkia darasa, na kwamba kuna wa kumshikia zamu.

Wengine husema tukisoma tutahama. Kuhama kupo. Ila mkataba wa Kenya na Uingereza wa Julai 2021 uliwalenga wauguzi waliokosa ajira. Kilichowasukuma ni ukosefu wa kazi, si wingi wa elimu. Muuguzi aliyejilipia karo akarudi na digrii, kisha akaachwa katika daraja lilelile la mshahara mwaka baada ya mwaka, ana sababu ya kuondoka ambayo mwajiri wake anaweza kuiondoa kwa barua moja.