Kutoka Kabambare Mpaka Kasongo: Kitabu Kimoja na Picha Ukutani



Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia safari za mikutano na za semina. Leo nataka kuwasimulia safari ndogo ya kiangazi, kutoka Kabambare mpaka Kasongo, ambamo sikuhubiri hata mara moja. Nilikaa kwenye benchi ya kalasi kama mwanafunzi, nikasikiliza vijana wakisoma kitabu.

Ninyi mnaopita njia hiyo mnaijua. Ni zaidi ya kilometa mia moja juu ya pikipiki, na madaraja ni miti miwili mitatu iliyolazwa juu ya maji. Pale pikipiki inaposhindwa, abiria anashuka na kusukuma, hata akiwa mchungaji. Dereva wangu alikuwa kijana aliyechimba dhahabu Namoya mpaka akapata pesa ya kununua pikipiki yake. Katikati ya njia akaniuliza:

– Pasta, hii njia ilikatwa na Wabelgiji?

Nikamjibu hapana, Wabelgiji waliikuta. Hii ni njia ya misafara ya zamani. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganika mpaka Mtowa, halafu Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Pembe za ndovu zilipita hapa, na watu waliofungwa shingo walipita hapa. Alinyamaza muda mrefu, nikafikiri hakusikia kwa sababu ya mashine. Kisha akasema: «Basi tuko tunatembea juu ya kaburi.»

Nilikuwa nimelala Kabambare usiku mbili mbele ya kuondoka, na huko nilikumbuka jambo ambalo Wakristo wengi wa kwetu hawajui. David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869. Yeye aliandika Bambarre. Tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871 alikaa huko, na kwa muda mrefu alilazwa na vidonda vya miguu, hawezi kutembea. Mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa katika nchi ya Maniema alisoma Biblia yote mara nne, toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Mimi nilimaliza chuo cha Biblia na cheti ninacho, lakini sithubutu kusema nimefanya hivyo katika miaka miwili.

Karatasi zikamwishia. Akaanza kuandika juu ya magazeti ya zamani, akikatisha maandishi yake juu ya herufi zilizochapwa, na wino akautengeneza kwa mmea wa hapa hapa. Hivyo ndivyo alivyoandika habari ya soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, siku watu wa misafara walipopiga bunduki katikati ya akina mama waliokuja kuuza, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji ya Lualaba. Wino ule ulififia hata hausomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza picha zake zilizopigwa kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maneno yakaonekana tena. Karatasi zenyewe zimetunzwa Blantyre, Uskoti, katika makumbusho yaliyojengwa pale alipozaliwa. Mtu wa Kabambare akitaka kuona karatasi iliyoandikwa Kabambare, kwa wino wa mmea wa Maniema, inamlazimu kupanda ndege.

Nilifika Kasongo jioni, mwili mzima vumbi.

Mji huu wa leo si ule wa zamani. Ule wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu unamwita Tippu Tip, ulikuwa mahali watu wanapoita Tongoni, na neno hilo tu linatosha: mahame, mahali palipoachwa. Askari wa Leopold wakiongozwa na Dhanis waliuteka tarehe 22 Aprili 1893. Daktari Hinde, Mwingereza aliyekuwa pamoja nao, alichapisha kitabu mwaka 1897, na anaonyesha mshangao wake: nyumba nzuri, ghala za mpunga, bustani za michungwa na mipera, bilauri za kioo. Miezi tisa nyuma, Januari 1894, Kabambare nayo ikaanguka. Waliokuja walisema wanaleta uhuru, na muda si mrefu wakaanza kuwadai wazee wetu mpira na kuwapiga fimbo. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Siku iliyofuata, Jumamosi, vijana wa kanisa walinipeleka kwenye kalasi ya shule. Walikuwa wamenyosha kamba toka dirisha mpaka dirisha na kutundika picha juu yake, zilizotolewa kwenye simu na kuchapishwa Kindu. Juu ya meza walipanga vitu vilivyotoka majumbani: kinu kilichochakaa, jembe lililofuliwa na mhunzi, chungu, mkeka, na kitabu cha kazi cha babu mmoja aliyefanya kazi migodi ya Kampene tangu wakati wa Wabelgiji, mbele ya kampuni kuungana na kuwa SOMINKI mwaka 1976. Kila kitu kilikuwa na karatasi yenye jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, Kikusu ao Kibangubangu ao Kizimba. Jina la mwenye kitu liliandikwa pia, ili kisipotee. Ninyi wa Kalima na Kampene mtaelewa kwa nini watu walisimama muda mrefu mbele ya kile kitabu cha kazi. Mzee mmoja alikisoma ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kama jina la baba yake halikuandikwa mahali fulani kwa makosa.

Lakini mimi niliduwaa mbele ya picha moja kwenye kamba. Ilikuwa sanamu ya mti ya Wabuyu wa Kabambare, wale ambao vitabu vya wazungu vinawaita pia Basikasingo. Mabega mapana, ndevu, mikono imewekwa tumboni. Sanamu za namna hii zilichongwa kwa kuwakumbuka wakubwa wa ukoo waliokufa, zikatunzwa pamoja katika kibanda chao. Daniel Biebuyck, mtaalamu aliyekaa sana kati ya Walega, aliandika juu ya sanamu za upande huu mwaka 1981. Leo ziko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na katika nyumba za matajiri wa Ulaya na Marekani.

Nilikuwa nimeiona moja, lakini si kwenye picha. Nilipokuwa mwinjilisti kijana, mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, familia moja iliomba ubatizo. Nyumbani mwao kulikuwa sanamu iliyoachwa na babu yao. Niliwaambia: mbele ya maji, moto. Wakaitoa. Mzee wa nyumba hakukataa wala hakusema neno. Alisimama akaangalia mpaka ikawa majivu, halafu akaingia ndani. Niliandika katika ripoti yangu kwamba ilikuwa siku ya ushindi.

Kijana mmoja alinikuta nimesimama pale, akaniuliza:

– Pasta, ile iko mungu?

Nikamwambia kweli yote, kwamba nilichoma moja kama hiyo, na mpaka leo sijui kama nilichoma mungu wa uongo ao nilichoma ukumbusho wa babu ya mtu. Wakakusanyika wote. Binti mmoja, mwalimu wa shule ya Jumapili, akataja Matendo ya Mitume sura ya 19, watu wa Efeso waliochoma vitabu vyao vya uchawi, vya thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Nikafurahi, nikafikiri ananitetea. Kumbe hakuwa amemaliza. Akasema: «Lakini wale wa Efeso, vitabu ilikuwa vyao, na walileta wao wenyewe. Hakuna mutu aliwaambia: bila moto hamupate maji.» Sikuwa na jibu. Bado sina. Siamini kwamba tuanze kuziinamia sanamu, na atakayesema hivyo nitampinga mbele ya watu. Lakini kuna kuinamia na kuna kukumbuka, na mimi siku ile sikuuliza hata swali moja.

Tena vijana hawa si wajinga wa mambo ya dunia. Wanajua kwamba Februari 2022 Ubelgiji ilimpa Waziri Mkuu wetu orodha ya vitu karibu elfu 84 vya Kongo vilivyo Tervuren. Wanajua kwamba Juni mwaka ule ule mfalme Philippe alileta kinyago cha Wasuku, kwa mkopo, kwenye makumbusho mapya ya taifa Kinshasa, yaliyofunguliwa 2019. Nilipowaambia hiyo ni habari njema, mmoja akacheka: «Pasta, toka Kasongo kwenda Kinshasa na kwenda Bruxelles, wapi ni karibu?» Aliye na nauli ya mojawapo anijibu.

Saa tisa wakaanza kusoma. Walikuwa watu kama ishirini, na kitabu kimoja, fotokopi iliyoshonwa kwa uzi. Ni maisha ya Tippu Tip aliyoyaandika mwenyewe. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alipokuwa amerudi Zanzibar, na Mjerumani Heinrich Brode akakitoa kwa herufi zetu mwaka 1902 na 1903. Mwandishi akafa Unguja Juni 1905. Mmoja anasoma ukurasa kwa sauti, wote wanasikiliza, halafu kila mmoja anasema. Mwalimu wa madrasa huja pia, mtu mpole mwenye kofia nyeupe, na ndiye anayefungua maneno ya pwani yanapokuwa magumu. Siku ile aliandika jina Hamed bin Muhammed ubaoni kwa herufi za Kiarabu ili vijana wa kwaya waone lilivyoandikwa. Sikuwahi kuona Mwislamu na shemasi wetu wakigombania chaki hivyo.

Jambo lililonishangaza ni jinsi walivyoelewa. Kitabu cha Kifaransa huwachosha baada ya nusu ukurasa, lakini hiki cha zaidi ya miaka mia moja kiliingia masikioni kama habari ya jirani. Na kwa nini isiwe hivyo? Kiswahili chetu kilifika na misafara hiyo hiyo. Lugha ninayohubiri nayo, lugha tunayoombea wagonjwa, ilitembea njia moja na minyororo.

Walikuwa kwenye habari ya Utetela. Tippu Tip anaeleza, bila haya, jinsi alivyopata utawala: alisikia kwamba dada ya chifu Kasongo Rushie alichukuliwa mateka zamani, akajidai kwamba mwanamke huyo ndiye nyanya yake. Chifu mzee akampokea kama mjukuu na kumpa nchi. Kalasi ikawaka moto. Wengine walicheka ujanja wake. Wengine wakasema ni Yakobo na ngozi ya mbuzi. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa akisuka ukindu muda wote, akauliza kwa sauti ndogo: «Na ule dada? Mbona hakuna mutu anauliza kama alirudi?»

Ndipo kijana mmoja akamgeukia mtu aliyekaa karibu na mlango, wa familia inayojulikana kuwa ya Wangwana, akamwambia: «Muulizeni huyu. Babu yake alikuwa anauza, ya kwetu alikuwa anauzwa.» Mtu yule alisimama. Nilidhani atapiga. Akasema tu kwamba mama ya babu yake pia alinunuliwa, kwa nguo, na jina lake la kwanza halijulikani; akachukua baiskeli yake akaenda. Ukimya uliofuata sitausahau. Humo ndani hapakuwa na mtu aliyeweza kuapa kwamba damu yake iko upande mmoja tu. Wapo Waislamu, wapo Wakristo, wapo watu wenye ndugu Ujiji na Dar es Salaam wanaoitwa mpaka leo Wamanyema, na hakuna aliyejua nani alikwenda kwa miguu yake na nani alivutwa.

Yule kijana aliomba radhi mbele ya wote, akilia. Sikumkemea, kitabu kilikuwa kimeshafanya kazi hiyo. Mwalimu wa madrasa akasema atakwenda mwenyewe nyumbani kwa mwenzetu, na mama wa ukindu akasema hawezi kwenda peke yake. Wakaondoka wawili kabla ya giza.

Niliondoka Kasongo Jumatatu, na mtu yule alikuwa hajarudi. Vijana walikuwa wamekubaliana wasifungue ukurasa unaofuata mpaka akae tena karibu na mlango. Kwa sasa wanasoma Yona. Fotokopi imefungwa ndani ya sanduku la shule, na Hamed bin Muhammed bado yuko njiani, hajafika Kasongo.