Murua wa Askari, Bukavu na Brussels

Sisi wana wa Bukavu tuliofanya maskani Brussels tuna mazoea, tukutanapo mtaani Matonge, ya kuwalinganisha askari wa nchi mbili kana kwamba wema ni milki ya nchi moja na uovu ni urithi wa nyingine: kwetu, husema mmoja, rulaji, yaani askari wa barabarani, husimamisha gari pale Place de l'Indépendance si kwa kuwa dereva amekosa, bali kwa kuwa mshahara haujafika, hapa, hujibu mwingine, askari hulipwa kila mwezi na raia huitwa bwana. Maneno haya yana ukweli, walakini ni nusu yake tu, na nusu hiyo ikizoeleka ndimini huwa dhuluma, maana huwanyima sifa waliotenda mema kwetu na huwasitiri waliotenda mabaya hapa.

Kanali Honorine Munyole wa polisi ya Kongo, mjane mwenye watoto saba wa kulea, baadhi yao si wa tumbo lake, alibeba huko Bukavu dhima ya kuwalinda wanawake na watoto, katika mkoa ambao vita viliufanya ubakaji kuwa silaha na hospitali ya Panzi kuwa kimbilio. Alipohamishiwa Kisangani, kama filamu ya Dieudo Hamadi ya mwaka 2017 inavyoshuhudia, aliwaokoa watoto waliosingiziwa uchawi, akawasikiliza majeruhi wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji ule. Na fedha za kuwasaidia zilipokosekana, alisimama mbele ya raia akawaomba wachange. Sare ile ile ambayo wengine huivaa ili wamwombe raia kwa ajili ya matumbo yao, yeye aliivaa akaomba kwa ajili ya raia.

Tuitazame sasa nyumba yetu ya pili kwa insafu hiyo hiyo. Mwaka 1961 Gérard Soete, afisa wa polisi wa Kibelgiji, alishiriki kuuyeyusha mwili wa Patrice Lumumba kwa tindikali huko Katanga, akajiwekea jino la marehemu, ambalo Ubelgiji iliwarudishia jamaa zake Juni 2022. Na tarehe 22 Septemba 1998, Semira Adamu, binti wa Nigeria mwenye miaka 20, alifariki baada ya jandarme waliokuwa wakimrudisha kwao kwa nguvu kumkandamiza uso kwa mto ndani ya ndege katika uwanja wa Brussels. Watu hao hawakuwa na njaa, wala mishahara yao haikuchelewa. Basi njaa si udhuru wa fedheha, wala shibe si dhamana ya murua.

Hata hivyo nyumba zetu mbili hazilingani. Semira alipokufa, waziri wa mambo ya ndani, Louis Tobback, alijiuzulu, na mwaka 2003 askari wanne walitiwa hatiani, ingawa adhabu ya kifungo cha nje ilikuwa nyepesi mno kwa uzito wa roho iliyopotea. Tena ipo Kamati P, iliyoundwa kwa sheria ya 1991, ambayo raia aliyeonewa na polisi aweza kuipelekea malalamiko yake. Kwetu, mtetezi wa haki Floribert Chebeya aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa tarehe 1 Juni 2010, kesho yake akakutwa maiti garini mwake, na dereva wake Fidèle Bazana aliuawa pia. Na afisa Paul Mwilambwe, aliyeyafichua mauaji hayo, aliyasema akiwa mkimbizi, tena akiwa amehukumiwa kifo pamoja na baadhi ya walioshitakiwa, mpaka Mei 2022 mahakama kuu ya kijeshi ilipomwachilia. Ubelgiji, uovu wa askari una mahali pa kushitakiwa. Kwetu, wema wa askari hauna mahali pa kuegemea.

Tangu Februari 2025 Bukavu imo mikononi mwa waasi wa M23, na polisi wa dola wametawanyika. Siku mji utakapojengewa polisi wake upya, kama sheria ya 11 Agosti 2011 ilivyokwisha kuagiza kwamba wawe watumishi wa umma wasio wa chama, shurti askari alipwe kwa wakati, ashuhudiaye dhidi ya mkubwa wake alindwe, na raia wa Kadutu, Ibanda na Bagira wapewe baraza la kumshitaki mkosaji bila hofu. Nasi wa ughaibuni tuna fungu letu: tuendapo likizo hutoa noti upesi ili tuachiwe njia, kwa kuwa yuro kwetu ni nyepesi, na kwa kufanya hivyo tunampandishia bei jirani asiye nayo na kumdhihakisha askari aliyeikataa rushwa. Tukatae kulipa, tudai karatasi ya faini yenye muhuri, na askari mwadilifu tumtaje kwa jina lake hadharani, ili ajue kwamba hayuko peke yake.